Tabibu James Parkinson na Ugonjwa wa Kutetemeka

Utangulizi



Bonde la Lumuma, wilayani Kilosa, linajulikana kwa vitunguu. Wakulima humwagilia mashamba yao kwa maji ya mifereji, na magunia ya vitunguu husafirishwa kwenda masoko ya mbali. Karibu na vitunguu, bustani za vijiji vyetu huwa na nyanya, pilipili, bilinganya na ngogwe.

Siku hizi kuna habari isemwayo kwamba mboga hizi, hasa pilipili, humkinga mtu na ugonjwa wa kutetemeka unaowapata wazee. Wengine huongeza kwamba hata tumbaku hukinga. Habari hii haikuzuka bure. Ina chanzo chake, na pia ina mipaka yake. Mtu asiyejua mipaka hiyo anaweza kujidhuru.

Ili tuielewe vizuri, tusome kwanza maisha ya mtu ambaye ugonjwa huo umepewa jina lake. Mtu huyo alikuwa tabibu wa watu wa kawaida. Alikufa zamani sana, lakini kazi yake inatusaidia mpaka leo. Jina lake ni James Parkinson.

1. Mtoto wa tabibu

James Parkinson alizaliwa tarehe 11 Aprili, 1755, mahali paitwapo Hoxton. Siku hizi Hoxton ni sehemu ya jiji la London, nchini Uingereza. Wakati ule palikuwa pembeni mwa jiji, na bustani za mboga zilikuwa karibu. Baba yake, John Parkinson, alikuwa tabibu na mtengenezaji wa dawa.

Katika siku hizo vijana wengi waliotaka kuwa matabibu hawakwenda chuo kikuu. Walijifunza kazi kwa kukaa na fundi, kama kijana wetu anavyojifunza useremala kwa kukaa na seremala. James alijifunza kwa baba yake. Alisaga dawa, alifunga vidonda, na alifuatana na baba yake kwenda kuwaona wagonjwa. Mwaka 1776 alifanya mazoezi kwa miezi kadhaa katika Hospitali ya London.

Mwaka 1777 yeye na baba yake walimwokoa mtu aliyekuwa amejinyonga. Watu walidhani amekwisha kufa, lakini matabibu hao hawakukata tamaa mpaka pumzi ikarudi. Kwa kazi hiyo James alipewa nishani ya fedha na chama kilichoshughulika na kuokoa maisha ya watu.

Mwaka 1784 baba yake alifariki. James akashika kazi ya baba yake palepale Hoxton. Lakini hakuona kwamba elimu imekwisha. Mwaka 1785, akiwa na miaka 30 na kazi nyingi za kila siku, alikwenda kusikiliza mafunzo ya John Hunter, mpasuaji aliyekuwa na sifa kubwa katika London.

James alikuwa amejifunza kuandika kwa hati mkato. Hii ni namna ya kuandika upesi kwa alama fupi badala ya maneno kamili. Kwa hiyo aliweza kuandika mafunzo ya Hunter wakati mwalimu akisema. Miaka mingi baadaye, mwaka 1833, mtoto wake aliyachapa mafunzo hayo katika kitabu. Hunter na James wote wawili walikuwa wamekwisha kufa. Daftari ndilo lililobaki.

2. Vitabu kwa watu wa kawaida

Parkinson alikuwa tabibu wa watu wengi maskini. Aliwatibu pia maskini waliokuwa wakitunzwa na mtaa. Aliona kwamba watu wengi walikufa kwa kukosa maarifa. Wengine walichelewa kumwita tabibu. Wengine walitumia dawa walizouziwa na watu wa uongo. Wengine hawakujua kuutofautisha ugonjwa mdogo na ugonjwa wa hatari.

Basi akaanza kuandika. Mwaka 1799 alitoa kitabu cha mashauri ya afya kwa watu wa nyumbani. Kitabu hicho kiliwaeleza dalili za magonjwa, na kiliwaonya ni dalili zipi zinazotaka mgonjwa apelekwe kwa tabibu bila kukawia. Mwaka 1800 aliandika kitabu kingine kwa ajili ya watu wa vijijini. Alitaka mwanakijiji awe na rafiki wa kumshauri hata kama tabibu yuko mbali. Mwaka huohuo aliwaandikia watoto kitabu kuhusu michezo ya hatari inayovunja viungo na kuua.

Sisi wa Tanzania tunaielewa kazi ya namna hii. Mwaka 1973 nchi yetu ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Parkinson hakuwa na redio. Lakini shabaha ilikuwa moja: maarifa ya afya yasiwe ya wataalamu peke yao.

Alijali pia elimu. Alisaidia shule ya Jumapili ya kanisa lake, ambako watoto wa maskini walifundishwa kusoma. Aliandika pia kijitabu kuhusu mpango wa kuwapa elimu watoto wa maskini.

3. Mbele ya Baraza la Mfalme

Wakati ule watu wengi wa Uingereza hawakuwa na haki ya kupiga kura. Wenye mali ndio waliochagua wabunge, na wenye mali ndio waliotunga sheria. Mkulima mdogo, mfanyakazi na fundi walilipa kodi, lakini hawakuulizwa neno.

Parkinson hakupenda hali hiyo. Alijiunga na chama kilichodai kwamba watu wote wawe na sauti katika Bunge. Aliandika vijitabu vya kuwatetea wanyonge. Kwa kuwa serikali iliwafunga waandishi wa namna hiyo, hakutia jina lake. Alijiita Mzee Hubert.

Mwaka 1794 baadhi ya wanachama walikamatwa. Walishitakiwa kwamba walipanga kumwua Mfalme George wa Tatu kwa mshale wenye sumu, uliorushwa kwa bomba la upepo kama bunduki ya kuchezea, mfalme akiwa katika jumba la michezo. Parkinson aliwajua watu hao. Aliitwa mbele ya Baraza la Mfalme, akahojiwa na mawaziri wakubwa wa nchi.

Hatari ilikuwa kubwa. Angeweza kupoteza kazi, uhuru, hata maisha. Lakini hakutetereka. Hakukubali kuhojiwa mpaka ahakikishiwe kwamba halazimishwi kujishitaki mwenyewe. Kisha alikiri kwamba yeye ndiye Mzee Hubert. Mwishowe washitakiwa waliachiwa, kwa maana ushahidi haukutosha. Parkinson akarudi Hoxton kwa wagonjwa wake.

4. Mtu wa kutazama na kuandika

Parkinson alikuwa na tabia moja iliyomsaidia katika kila kazi. Alitazama kitu kwa makini, akaandika alichokiona.

Alipenda kukusanya mawe yenye alama za wanyama na mimea ya kale. Wakati ule watu wengi waliyaona mawe hayo kuwa vitu vya ajabu tu. Parkinson aliyachunguza moja moja, na kati ya mwaka 1804 na 1811 alitoa vitabu vitatu vikubwa kuhusu mambo hayo. Mwaka 1807 alikuwa mmoja wa watu 13 walioanzisha chama cha wachunguzi wa miamba na ardhi mjini London.

Katika utabibu alifanya vivyo hivyo. Yeye mwenyewe aliugua jongo, yaani ugonjwa wa maumivu makali ya viungo. Mwaka 1805 aliandika kitabu kuhusu jongo, akieleza na mambo aliyoyaona katika mwili wake mwenyewe. Mwaka 1812 yeye na mtoto wake John, aliyekuwa tabibu pia, walieleza habari za mtoto wa miaka 5 aliyekufa kwa sababu ya kidole tumbo kilichooza na kutoboka. Siku hizi ugonjwa huo hutibiwa kwa upasuaji. Wakati ule matabibu wengi hawakuujua.

5. Watu sita

Mwaka 1817 Parkinson alikuwa na miaka 62. Mwaka huo alitoa kitabu chembamba, kisichofika kurasa 70. Kilihusu ugonjwa wa kutetemeka. Hakujua kwamba kitabu hicho kidogo ndicho kitakachobeba jina lake.

Kitabu kilieleza habari za watu sita.

Mtu wa kwanza alikuwa mtunza bustani mwenye umri wa zaidi ya miaka 50. Hakuwa mlevi, na aliishi kwa kiasi. Alianza kutetemeka mkono. Yeye alidhani ni kwa sababu ya kuutumia sana mkono huo kwa siku kadhaa katika kazi.

Mtu wa pili na wa tatu Parkinson alikutana nao njiani. Mmoja alikuwa na miaka 62. Mwingine alikuwa baharia wa miaka 65, ambaye alidhani ugonjwa wake ulitokana na kulala juu ya ardhi yenye unyevu gerezani. Parkinson alisimama nao, akawauliza maswali, akasikiliza majibu yao.

Mtu mwingine alimwona kwa mbali tu. Mtu huyo hakuweza kutembea polepole. Msaidizi wake alisimama mbele yake, akamshika mabega, akamyumbisha kidogo mpaka akasimama sawasawa. Kisha mgonjwa alianza kukimbia kwa hatua fupi fupi, na msaidizi alikimbia mbele yake ili amdake asianguke.

Parkinson aliona kwamba watu hawa, ingawa hawakujuana, walikuwa na ugonjwa mmoja. Akaueleza hivi. Ugonjwa huanza kidogo kidogo, hata mgonjwa mwenyewe hakumbuki ulianza lini. Mkono mmoja hutetemeka ukiwa umepumzika. Baadaye hutetemeka na mkono wa pili, au mguu. Mwili huinama mbele. Hatua huwa fupi na za haraka. Kuandika huwa kazi ngumu. Kupeleka chakula mdomoni huwa kazi ngumu. Mwishoni hata kumeza ni taabu, na mate hutoka.

Kabla ya hapo kutetemeka kulijulikana, na kutembea kwa kuinama kulijulikana. Lakini kila dalili ilisimuliwa peke yake. Parkinson ndiye aliyeziunganisha dalili hizo kuwa ugonjwa mmoja.

6. Jambo asilolijua

Parkinson hakuujua mzizi wa ugonjwa. Alikisia kwamba kasoro iko katika uti wa mgongo, sehemu ya shingoni. Lakini alisema wazi kwamba hayo ni makisio, kwa sababu hakuwahi kupasua maiti ya mtu aliyekufa kwa ugonjwa huo. Aliwaomba matabibu wenye nafasi hiyo wachunguze. Pia aliamini kwamba siku moja dawa itapatikana.

Angeweza kujivuna kwamba anajua. Wauza dawa wengi wa wakati wake walifanya hivyo, na walipata fedha. Yeye aliandika alichokiona, akatenga na alichokikisia. Kwa hiyo, hata makisio yake yalipoonekana si sahihi, kazi yake haikuharibika. Yale aliyoyaona yalibaki kuwa kweli.

James Parkinson alipatwa na kiharusi mwezi wa Desemba, 1824. Upande mmoja wa mwili ulipooza, na alishindwa kusema. Alikufa tarehe 21 Desemba, 1824, akiwa na miaka 69. Alizikwa katika uwanja wa kanisa lake. Hakuna picha yake ya hakika iliyobaki.

Kwa miaka mingi kitabu chake hakikutajwa sana. Karibu miaka 50 baadaye, katika miaka ya 1870, daktari mkubwa wa Paris aitwaye Jean-Martin Charcot alikisoma. Alipendekeza ugonjwa huo uitwe kwa jina la Parkinson. Siku hizi tarehe 11 Aprili, siku aliyozaliwa, ndiyo siku ya kukumbuka ugonjwa huu duniani.

7. Wengine waliendeleza kazi

Ombi la Parkinson halikupotea. Mwaka 1919, mjini Paris, daktari Konstantin Tretiakoff alionyesha kwamba kasoro iko ndani ya ubongo. Kuna sehemu ndogo yenye rangi nyeusi. Kwa watu wenye ugonjwa huu, chembe hai za sehemu hiyo hufa.

Mwaka 1957 mtaalamu wa Sweden, Arvid Carlsson, alionyesha kazi ya kitu kiitwacho dopamini. Hiki hutengenezwa na zile chembe nyeusi, na huusaidia ubongo kuongoza mwendo wa mikono na miguu. Chembe zikifa, dopamini hupungua. Hapo mikono hutetemeka na mwili hukakamaa.

Katika miaka ya 1960 ilipatikana dawa iitwayo levodopa. Ubongo huigeuza kuwa dopamini. Dawa hii haiuondoi ugonjwa, lakini humpa mgonjwa nafuu. Mtu aliyekuwa akilishwa anaweza kushika kijiko tena.

8. Tumbaku na ukoo wake

Sasa tuje kwenye habari ya mboga.

Mimea ina koo zake, kama watu. Mtaalamu huutambua ukoo wa mmea kwa kutazama ua lake, tunda lake na mbegu zake. Tumbaku ni ya ukoo mmoja na nyanya, pilipili hoho, pilipili kali, bilinganya, ngogwe, mnavu na viazi mviringo. Linganisha ua la ngogwe na ua la bilinganya, utaona jinsi yanavyofanana. Kitunguu si wa ukoo huo. Kiazi kitamu pia si wa ukoo huo.

Tumbaku ina sumu iitwayo nikotini. Jina hilo linatokana na Jean Nicot, balozi wa Ufaransa nchini Ureno, ambaye alipeleka tumbaku Ufaransa karibu na mwaka 1560. Mmea hutengeneza nikotini ili kujilinda na wadudu. Nikotini ndiyo inayomfunga mvutaji asiweze kuacha.

Nyanya, pilipili na bilinganya nazo zina nikotini, lakini kidogo mno. Ili mtu apate nikotini inayoingia mwilini mwa mvutaji wa sigara moja, angepaswa kula kilo nyingi za bilinganya, kama 10 hivi. Kwa hiyo hakuna haja ya kuogopa mboga hizo. Hazileweshi, wala hazimfungi mlaji.

9. Kilichoonekana, na kisichojulikana

Tangu miaka ya 1960 wachunguzi wameona jambo la kushangaza. Kati ya wavuta tumbaku, ugonjwa wa Parkinson huonekana kidogo kuliko kati ya wasiovuta. Wakajiuliza kama nikotini inazilinda chembe za ubongo. Na kama ni hivyo, je, nikotini kidogo ya kwenye mboga inaweza kusaidia?

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walichunguza swali hilo. Matokeo yao yalitolewa mwaka 2013. Walichukua watu 490 ambao ugonjwa wao ulikuwa umegunduliwa karibuni, na watu 644 wasio na ugonjwa. Waliwauliza wote juu ya vyakula walivyokuwa wakila. Walioonekana kula mboga za ukoo wa tumbaku mara kwa mara, hasa pilipili, walikuwa na ugonjwa huu kwa uchache zaidi. Jambo hilo lilionekana zaidi kwa watu ambao hawakuwa wavutaji.

Hicho ndicho chanzo cha habari ya pilipili. Lakini je, ni hakika kwamba pilipili hukinga? Hapana, bado si hakika. Tutumie mfano.

Tuseme kijijini imeonekana kwamba wakulima wenye baiskeli mpya ndio wenye vitunguu vingi. Mtu mmoja akasema baiskeli huongeza mavuno. Je, ni kweli? La. Mavuno ndiyo yaliyonunua baiskeli. Mambo mawili yakionekana pamoja, hatujui bado lipi limelizaa lingine.

Ugonjwa wa Parkinson huanza kimya, miaka mingi kabla ya mkono kutetemeka. Wagonjwa wengi hupungukiwa uwezo wa kunusa mapema. Asiyesikia harufu vizuri huenda hafurahii tena pilipili katika mchuzi. Basi pengine pilipili haikuuzuia ugonjwa. Pengine ugonjwa ndio uliopunguza hamu ya pilipili. Pengine pia kuna kitu kingine ndani ya mboga, si nikotini. Watafiti wenyewe walisema uchunguzi zaidi unatakiwa.

Baadaye jaribio lingine lilifanyika Ujerumani na Marekani. Wagonjwa wapya waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilibandikwa plasta zenye nikotini kwenye ngozi kwa mwaka mmoja. Kundi la pili lilibandikwa plasta zisizo na nikotini. Matokeo yalitolewa mwaka 2023. Nikotini haikupunguza mwendo wa ugonjwa. Jaribio hili lilihusu watu waliokwisha kuugua. Halikujibu swali la kukinga. Lakini linatuonya tusiharakishe kuiita nikotini dawa.

Tumbaku yenyewe si dawa hata kidogo. Huleta saratani ya mapafu, ugonjwa wa moyo na kiharusi. Katika kila wavutaji wawili wasioacha, karibu mmoja huuawa na tumbaku. Anayevuta ili asitetemeke uzeeni huenda asiufikie huo uzee. Hata kuvuna majani mabichi ya tumbaku yaliyoloa huwatapisha wakulima na kuwatia kizunguzungu, kwa sababu nikotini hupita kwenye ngozi.

10. Ugonjwa huu kwetu Tanzania

Baadhi ya watu hudhani ugonjwa wa Parkinson ni wa Wazungu. Si kweli.

Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, wachunguzi walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji vyenye watu 161,071. Matokeo yalitolewa mwaka 2008. Walipata watu 33 wenye ugonjwa wa Parkinson. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa jina la ugonjwa wao. Walikuwa wakikaa nyumbani bila dawa, ingawa dawa ilikwisha kujulikana kwa miaka zaidi ya 40.

Mwaka 2011 yalitolewa maelezo ya mazungumzo na wagonjwa na watu wanaowatunza katika wilaya hiyo. Watu wa huko waliuita ugonjwa wa kutetemeka. Ndilo jina lilelile alilolitumia Parkinson mwaka 1817, ingawa wengi wao hawakuwa wamesikia habari zake.

Hapa pana jambo la kufikiri. Katika vijiji vingi mzee akianza kutetemeka, jamaa husema ni uzee tu, wakamwacha. Wengine husema amerogwa, wakatafuta wa kumlaumu. Jirani asiye na kosa huweza kuchukiwa, hata kupigwa. Mzee hana nafuu, na ujirani umevunjika. Yote hayo ni kwa sababu ya chembe zilizokufa ndani ya ubongo, ambazo hazikuuawa na jirani.

11. Tufanye nini?

Kwanza, tutazame kama alivyotazama Parkinson. Je, mkono wa mzee hutetemeka ukiwa umepumzika? Je, hatua zake zimekuwa fupi? Je, mwandiko wake umekuwa mdogo? Je, uso wake umekuwa mkavu, hauonyeshi furaha wala huzuni? Tuandike yalianza lini na yamezidi vipi. Kisha tumpeleke mzee kituo cha afya pamoja na maandishi hayo, na tuombe apelekwe hospitali kubwa. Kila anayetetemeka si lazima awe na ugonjwa huu. Daktari ndiye atakayepambanua.

Pili, tule mboga. Nyanya, pilipili, bilinganya na ngogwe ni chakula kizuri, na huleta afya kwa njia nyingi zinazojulikana. Ikiwa siku moja itathibitika kwamba hukinga ubongo pia, tutakuwa tumepata faida mara mbili. Ikiwa haitathibitika, hatutakuwa tumepoteza kitu.

Tatu, tusivute tumbaku, wala tusimshauri mzee kuivuta au kuinusa kama dawa.

Nne, tuwe waangalifu na dawa za kuulia magugu na wadudu. Uchunguzi katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba watu waliotumia baadhi ya dawa hizo, kama ile iitwayo parakwati, walipatwa zaidi na ugonjwa wa Parkinson. Mkulima wa vitunguu avae viatu, nguo ndefu na glavu. Asinyunyize dhidi ya upepo. Anawe kabla ya kula. Asitumie kopo la dawa kuchotea maji.

Tano, tuwatunze wanaougua. Akili ya mgonjwa mara nyingi ni nzima ingawa mkono hautulii. Anasikia yasemwayo juu yake. Tumpe muda wa kujibu. Tumpe kikombe kizito kisichojazwa sana. Tutembee naye bila kumharakisha.

James Parkinson hakumponya hata mmoja kati ya wale watu sita. Lakini alisimama njiani, akawauliza habari zao, akaandika. Matabibu waliofuata walianzia hapo, wakafika kwenye ubongo na kwenye dawa. Sisi tuliojifunza kusoma na kuandika tunaweza kufanya hivyo kwa wazee wetu, hapa Lumuma na kila kijiji.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. James Parkinson alijifunzaje kazi ya utabibu?
2. Kwa nini alijiita Mzee Hubert?
3. Taja dalili nne za ugonjwa alioueleza mwaka 1817.
4. Taja mimea mitatu ya ukoo wa tumbaku inayolimwa kijijini kwenu. Je, kitunguu ni wa ukoo huo?
5. Eleza kwa maneno yako mfano wa baiskeli na vitunguu. Unatufundisha nini juu ya habari ya pilipili?
6. Kijijini kwenu watu husema nini mzee akianza kutetemeka? Darasa linaweza kufanya nini?

Maana ya maneno

Hati mkato: maandishi ya alama fupi, ya kuandikia upesi.
Jongo: ugonjwa wa maumivu makali na uvimbe katika viungo, hasa kidole gumba cha mguu.
Chembe hai: sehemu ndogo kabisa za mwili, zisizoonekana kwa macho matupu.
Dopamini: kitu kilichomo ubongoni kinachosaidia kuongoza mwendo wa mwili.
Nikotini: sumu iliyomo katika tumbaku, na kwa kiasi kidogo mno katika baadhi ya mboga.
Kiharusi: ugonjwa wa ghafla wa ubongo, unaoweza kupoozesha upande mmoja wa mwili.